Unataka Kuhoji Watu wa Mji Wako? Simu Iache Mfukoni Kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Musoma aliniandikia: "Kaka, nafuatilia mazungumzo unayorekodi na kuyaweka mtandaoni, na wazee, wanaharakati na akina mama wa Mwanza. Nataka kufanya kama wewe huku kwetu. Ninunue kinasa sauti gani?" Nilicheka peke yangu dukani. Halafu nikakumbuka kwamba mwaka 2021 mimi mwenyewe nilinunua maiki ya kubana kwenye kola kabla sijajua nitambania nani.

Mdogo wangu, nakujibu hapa hapa ili na wenzako wasome. Najua ni wengi mnaowaza hivyo: kila mkipita sokoni mkamsikia mtu akitema maneno, mnatamani dunia nzima ingesikia.

Mimi nina steshenari Mabatini. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua. Ukikaa nyuma ya mashine ya kopi miaka kadhaa, unawajua watu wote wenye harakati. Yuko mama anayeleta barua ile ile ya maji kila baada ya miezi mitatu, tarehe tu ndiyo inabadilika, maana nyumba za kule juu ya mawe mabomba yanazifikia kwa kusuasua. Yuko mhasibu wa kikoba. Yuko baba wa kikundi cha ngoma anayetaka mabango kwa mkopo. Mwaka ule wa 2021, wamachinga walipokuwa wanaondolewa barabarani, kiongozi wao mmoja alinisomea barua nikawa naichapa. Alikuwa anatembea huku na huku, mikono nyuma, kila sentensi anairudia mara mbili kama anayesalisha. Nilipomaliza kuchapa, karatasi ilikuwa baridi. Yale yaliyokuwa kwenye sauti yake hayakuwemo. Ndipo nikaanza kurekodi watu.

Mwanzo sitausimulia, ulikuwa wa hovyo. Kelele za bodaboda, betri kuzima, watu kuniuliza kama natafuta udiwani.

Shule ya kwanza niliipata mwalo wa Kirumba. Nilikuwa namtafuta mama mmoja anayeheshimika pale kwenye dagaa, mtu wa kusuluhisha ugomvi wa wachuuzi na wenye malori yanayopeleka mzigo mpaka Congo. Nilikwenda mara tatu, mara tatu akanifukuza kistaarabu: "Baba, leo sina nafasi." Nikajisemea huyu ana maringo. Mara ya nne msichana aliyekuwa anageuza dagaa juu ya chanja akaniuliza, "Kaka, kwani wewe huwa huangalii mwezi?"

Sikuwa naangalia. Mimi mtoto wa Mwanza niliyekula dagaa maisha yangu yote! Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi, mitumbwi inapumzika, na nchi kavu watu nao wanapumua. Nilikuwa naenda siku za giza, wakati mzigo unamwagwa alfajiri na kila mtu anapigana na jua na mvua. Nikarudi siku za mbalamwezi. Nikakaribishwa chai ya rangi na viazi, tukaongea saa tatu nzima.

Na bado aliniambia niweke simu chini kwanza. Akaniuliza picha zitakwenda wapi. Watu wa rika lake hawajasahau ile filamu ya mwaka 2004 iliyoonyesha dunia mapanki ya Mwanza, yaani mifupa ya samaki inayobaki viwandani, ikazua kelele mpaka Rais akaizungumzia. "Walikuja wakacheka na sisi," alisema, "tukaja kujiona tunanuka." Hilo lilitosha kunifundisha, lakini mimi ni mbishi.

Kisesa nilikwenda na swali nililokuwa nimelipamba usiku kucha: "Mzee, utamaduni wa Wasukuma unakufa, unajisikiaje?" Mzee ni wa Bagika, moja ya makundi mawili makubwa ya ngoma za Kisukuma, amecheza na kuongoza ngoma tangu ujana wake. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa jembe lisilo na mpini. Hakutaka kuzungumzia kufa. Alitaka kuzungumzia nauli ya fuso la kubeba wachezaji, bei ya vitambaa, na vijana wanaodai posho kabla ya kupasha ngozi za ngoma. Akanieleza namna Bagika na wapinzani wao Bagalu wanavyoshindana kwenye sikukuu ya ngoma ya Bulabo, pale Bujora, mwezi wa sita: wote wanacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Kwa hiyo ukikosa fuso, ukafika na wachezaji nusu, umeshashindwa kabla hujapiga hata ngoma moja. Mazungumzo yale ya fuso ndiyo watu wanayanukuu mpaka leo. Swali langu la usiku kucha nimelikata, na sijalikumbuka tena.

Kwa hiyo ushauri: nenda kwa saa yao, uliza la kwao. Na kabla hujatoa kitu, rudi.

Hili la kurudi ndilo linaloniuma.

Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa, kilomita 3 juu ya ghuba. Mimi nilishangilia kama kila mtu. Nimekesha Kigongo mimi, nikisubiri kivuko, na mgonjwa kwenye gari. Lakini nilikuwa namfahamu mama mmoja muuza samaki wa kukaanga pale kivukoni, mweka hazina wa kikundi cha wenzake. Foleni ile iliyokuwa inatutesa sisi ndiyo ilikuwa mteja wake. Nilimfuata wiki tatu baada ya magari kuanza kupita juu.

Tuliketi kwenye benchi lake tupu. Karai lilikuwa limefunikwa kwa sinia, mafuta hayajawashwa moto. Alisema hivi, bado ninayo sauti: "Daraja ni letu. Tumeliomba, tumelilia, wajawazito wamejifungulia hapa foleni. Ila mwanangu, sikudanganyi, biashara yangu imekufa."

Mimi nikafika nyumbani, nikafungua programu ya kuhariri, nikakata kila kitu kabla ya "biashara yangu imekufa". Kichwa cha habari nikaandika "Daraja Limetuua". Neno hilo hakulisema popote.

Ilisikilizwa kuliko kazi zangu zote kwa pamoja. Sitaficha, siku mbili nilitembea Mabatini nimeinua shingo. Kituo kimoja cha redio kikaipiga bila kutaja jina langu, na niliumia sana kwa ajili ya jina langu. Angalia mpangilio wa maumivu yangu! Huku yeye anaitwa mpinga maendeleo na watu wasiomjua. Wenzake wakamuuliza nani alimtuma awasemee. Hazina wakamnyang'anya.

Alinipigia mara moja tu. "Mwanangu, nilikwambia mambo mawili. La kwanza umelipeleka wapi?"

Niliiondoa siku ile ile, nikaweka yote, na maneno ya kuomba radhi. Waliosikiliza ile nzima hawakufika hata robo ya wale wa kwanza.

Sasa nyie vijana mnaoniuliza habari za maiki, nisikilizeni vizuri. Mtu akikupa maneno yake amekukopesha. Hajakuuzia. Rudi umsikilizishe mwenyewe, kwenye benchi lake, kabla majirani hawajasikia. Akisema toa hapa, toa. Akisema umeacha kitu, rudisha, hata kama kinaharibu utamu. Mtaniambia muda hauruhusu, habari itapoa. Ipoe! Samaki aliyepoa analika. Na msijiite sauti ya wasio na sauti, tafadhali. Yule mama ana sauti kubwa kuliko spika yangu, mimi ndiye niliyeikata. Tangu hapo sijatoa mazungumzo hata moja bila kurudi, na nimepoteza mazungumzo mazuri manne kwa sababu wenyewe walibadili mawazo. Moja lilikuwa la mwenyekiti wa mtaa, tamu ajabu. Limo humu kwenye simu, litakaa humu. Rudini, nasema.

Kinasa sauti? Simu yako inatosha. Nunua sukari kilo mbili upeleke badala yake.

Yule mama siku hizi anauza stendi Sengerema, upande wa pili. Nimekwenda mara tatu. Mara ya kwanza hakuwepo. Ya pili alimtuma binti anihudumie. Juzi alinihudumia mwenyewe. Nikamwamkia, "Mwangaluka mayu," akaitikia, kwa sababu salamu hainyimwi mtu. Akachagua sato, si mkubwa si mdogo, akamfunga kwenye gazeti na chumvi na pilipili pembeni, akanirudishia chenji kamili mpaka ya mia. Sikutoa simu. Nilisimama pale kidogo, naye akageukia mteja mwingine.

Nikapanda basi la kurudi Mwanza, nikafungua gazeti. Zamani ungemla samaki mzima foleni ya Busisi, ukanawa, ukanunua mwingine. Safari hii basi lilikuwa limeshamaliza daraja na mimi sijafika hata mkiani.