Mchicha, mawese na jeni zako

*Nasikia chakula hubadilisha jeni. Nikila ovyo, nitawarithisha wanangu jeni mbovu?*

Ondoa hofu. Mlo haufuti jeni ulizozaliwa nazo. Unachogusa ni jeni ipi isomwe, yaani itumiwe na seli, na isomwe kwa kiasi gani. Seli ya ini na ya ngozi zina jeni zilezile, ila kila moja inasoma zake.

*Mafuta na vitamini vinakutania wapi?*

Swali zuri mno. Ndani ya kiini cha seli kuna protini ziitwazo vipokezi. Asidi ya mafuta, yaani kipande kidogo cha mafuta, ikijibandika kwenye kipokezi cha PPAR-alfa, jeni za kuunguza mafuta kwenye ini huanza kusomwa. Lakini PPAR-alfa peke yake haiwezi. Lazima ishikane na kipokezi kingine, RXR, ndipo viwili hivyo vikae juu ya DNA, uzi unaobeba jeni. Na RXR hiyohiyo ndiyo mshirika wa kipokezi cha vitamini D, tena wa kile cha vitamini A, baada ya mwili kuigeuza kuwa asidi ya retinoiki. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba DHA, mafuta yaliyomo kwenye samaki, nayo huiamsha RXR; waliiona kwenye ubongo wa panya. Ndiyo maana sipendi kirutubisho kimoja kisifiwe kana kwamba kinafanya kazi peke yake.

*Mama yangu, mtu wa Kigoma, hali mchicha usiotiwa mawese. Mimi nachemsha kwa maji na chumvi tu. Nani yuko sahihi?*

Mama. Tia kijiko cha mawese mekundu uone mchuzi unavyogeuka rangi ya chungwa: hiyo ni karotini, ambayo mwili huitengenezea vitamini A. Mchicha nao unayo, ila bila mafuta utumbo hufyonza kidogo sana. Usiyachome mawese mpaka yawe meupe, maana karotini imeshakwenda. Na kiwe kijiko, si kikombe; karibu nusu ya mawese ni mafuta yanayopandisha lehemu (kolesteroli).

*Nina mimba changa. Ninunue vidonge vya vitamini A?*

Hapana, dada yangu, usijinunulie. Asidi ya retinoiki ndiyo inayoongoza jeni zinazojenga moyo na uso wa mtoto, hivyo vitamini A ya vidonge ikizidi wiki hizi inaweza kumlemaza. Maini pia usile kila siku. Mchicha, karoti na maembe kula bila wasiwasi, na vidonge vya foliki asidi unavyopewa kliniki usiviache.