Maswali ya Wasomaji: Swichi ya tatu ya 4053

SWALI: Nimeunda pedali ya distoshoni ya gitaa, ya volti 9. Ndani kuna chipu ya CD4053, yenye swichi tatu za kielektroniki. Swichi yake moja inapeleka ishara kwenye saketi, ya pili inachagua sauti inayotoka. Ya tatu imekaa bure. Niitumieje?

JIBU: Ipe kazi ya kuongeza nguvu wakati wa solo. Hakuna kazi inayoifaa zaidi, maana swichi haikai kwenye njia kuu ya sauti.

Tuseme opampu yako (chipu inayokuza ishara) ina rezista ya 220k (kiloomu 220) kutoka tokeo kurudi kwenye ingizo la hasi, na 10k kutoka ingizo hilo hadi kapasita inayoishia kwenye volti 4.5 za katikati. Hapo ishara inakuzwa mara 23. Unga 4.7k kati ya ingizo la hasi na pini ya 4 ya chipu, kisha pini ya 3 ipeleke pale 10k inapokutana na kapasita. Swichi ikifunga, rezista hizo mbili zinakaa sambamba, kama 3.2k, na ukuzaji unapanda hadi karibu mara 70.

Wengi hukwama kwenye kapasita. Ikiwa ni ya nanofaradi 100, kwa 3.2k inaanza kupunguza sauti zote zilizo chini ya hezi 500, na uzi mnene wa gitaa uko hezi 82. Utasikia solo imekuwa kali lakini nyembamba, besi imekwenda. Weka mikrofaradi 1, ili kikomo hicho kishuke hadi hezi 50 hivi.

Mlio wa "pop" hautakusumbua, kwa kuwa pande zote mbili za swichi ziko kwenye volti 4.5. Ukiihamishia mahali penye volti 0, ishara itashuka chini ya hasi ya chipu (volti 0) na nusu yake ya chini itakatwa vibaya.

Pini ya 9 ndiyo inayoiamuru. Ishushe kwenye hasi kwa 100k, na swichi ya kukanyaga iilete volti 9 kupitia 10k. Isiachwe ikielea kamwe, hata kama swichi hii ya tatu huitumii: mkono ukikaribia tu inaweza kujibadilisha.

SWALI: Je, swichi hiyo ya tatu haiwezi kuwasha taa ya LED?

JIBU: Inaweza, ila ni kuipoteza. Transista ya 2N3904 inatosha: 47k kutoka waya wa amri (ule wa pini ya 9) hadi mguu wake wa besi, mguu wa emita kwenye hasi, na LED yenye 4.7k kutoka volti 9 hadi mguu wa kolekta. Taa itakula miliampea 1.5 tu, na mkondo wake hautapita kwenye chipu inayobeba sauti.