Miji inayolipwa ili iruhusu nyumba

SWALI: Bwana Mhariri, mwanangu aliyeko Boston anasema kwamba huko serikali huulipa mji unaokubali kubadilisha matumizi ya ardhi ili nyumba zijengwe. Kwa nini mji ulipwe kwa jambo lenye faida yake wenyewe? Msomaji, Wete, Pemba.

JIBU: Ndugu yetu, mwanao amesema kweli. Sheria ya jimbo la Massachusetts huko Marekani, uliko mji wa Boston, iitwayo 40R, ya mwaka 2004, huupa mji unaotenga eneo la makaazi ya karibu karibu, tuseme fleti 20 kwa ekari moja jirani na kituo cha treni, dola 10,000 hadi 600,000 kwa kadiri ya nyumba zinazoweza kuongezeka, kisha dola 3,000 kwa kila nyumba inayopata kibali cha ujenzi. Asilimia 20 ya nyumba hizo sharti ziwe za bei nafuu.

Ama faida unayoitaja, wenyeji wa huko hawaioni hivyo. Skuli zao hutegemea sana kodi ambayo mji huwatoza wenye majumba, kwa hiyo familia mpya yenye watoto watatu huhesabiwa kuwa ni gharama kwa jirani. Dola 3,000, kusema kweli, hazimsomeshi mtoto mmoja hata mwaka, na ndiyo maana mwaka 2005 ikaongezwa sheria ya 40S ya kufidia skuli. Kwetu Zanzibar ardhi ni mali ya umma, na majumba ya fleti ya Michenzani, Unguja, yalijengwa kwa amri ya Serikali. Kule, kwa sheria hii ya 40R, mji haulazimishwi; jimbo huubembeleza kwa fedha.