Maswali ya roki: Msinitumie tena wimbo usio na jina

"Nimekutumia faili kwa WhatsApp. Niambie ni wimbo gani na bendi gani. Ni roki ya zamani, gitaa kali." (Kondele, Kisumu)

Sijui. Nimeusikiliza mara nne na bado sijui. Faili yenyewe inaitwa AUD na tarehe ya juzi, basi. Hukusema aliyekupa ni nani, wala yeye aliutoa wapi, kama ni kwenye santuri, kanda au redio. Hili ni ombi la sita la namna hii mwezi huu, na nilishalijibu papa hapa: wimbo ukitoka mkononi mwako, utoke na jina lake, bendi, nchi, mwaka na lebo, yaani kampuni iliyoutoa. Kama huna yote, andika uliyo nayo na useme uliupata kwa nani.

Nakazania hili kwa sababu lilinikuta. Marehemu kaka yangu aliniachia kanda ya dakika 90 iliyoandikwa kwa biro ya buluu, "ROKI SAFI 3". Alikuwa akirekodi kutoka redioni usiku, kidole juu ya kitufe, na mtangazaji akifungua mdomo tu anazima ili kanda isiishe bure. Upande wa pili, wimbo wa tatu, gitaa linaingia peke yake likikwaruza kama bati linaloburutwa kwenye saruji, kisha mwanamke anaanza kuimba kwa sauti ya chini sana. Wimbo ukiisha unamsikia mtangazaji: "Na hao walikuwa..." halafu tak, kimya. Zaidi ya miaka 20 nautafuta wimbo huo. Sekunde mbili za kanda zingenitosha. Programu za simu za kutambua nyimbo hazijanisaidia, maana zinalinganisha na nyimbo zilizomo kwenye hazina yao tu. Wimbo usiomo humo haziwezi kuutambua.

Kwa hiyo ndugu wa Kondele, rudi kwa aliyekupa. Leo, sio kesho.

"Marafiki hapa Free Area wananicheka, eti roki ni ya wazungu. Niwapigie nini?" (Nakuru)

Usibishane nao. Wapigie Wazambia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Rais Kaunda aliagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Zambia. Vijana wa miji ya migodi ya shaba walikuwa wamekua wakisikiliza Jimi Hendrix na Rolling Stones, na sasa redio ilihitaji nyimbo za nyumbani. Wakazitunga, kwa Kiingereza na kwa lugha zao, kwa gitaa la umeme lililochafuliwa sauti kwa kile kifaa cha kukanyagwa kwa mguu. Ndiyo tunayoiita leo Zamrock. Anza na bendi ya WITCH, ambayo jina lake ni kifupi cha maneno ya Kiingereza ya kutangaza kwamba wamekuja kuzua vurugu. Kisha weka albamu ya Amanaz iitwayo *Africa*, ya 1975. Usiifanyie haraka hiyo. Ni muziki wa mtu aliyekaa peke yake jioni. Ngozi Family ya Paul Ngozi iweke mwisho, wakishakunywa chai na kuchangamka. Na wakisema hayo ni ya mbali, waambie Musi-O-Tunya, bendi nyingine ya Zamrock, walihamia Nairobi wakarekodi pale pale.

Bei ya shaba ilipoanguka katikati ya miaka hiyo, fedha zilikauka. Baadaye Ukimwi ukachukua wengi wa wanamuziki wale. Emanuel Chanda, mwimbaji wa WITCH aliyeitwa Jagari, aliingia machimboni kutafuta vito. Dunia ilikuja kumrudia akiwa mtu mzima, baada ya wakusanyaji kupitishiana santuri zile na lebo ya Now-Again ya Marekani kuzitoa upya. Zingekuwa hazina majina, angetafutwa nani?

Onyo: si kila gitaa chafu la Kiafrika ni Zamrock. Wiki iliyopita nimeona wanabendi wa Ofege wakiitwa Wazambia. Ofege walikuwa wanafunzi wa shule ya sekondari Lagos, Nigeria, na albamu yao *Try and Love* ni ya 1973. Mkikosea nchi mnampokonya mtu kwao.

"Nikigeuza video ya intaneti kuwa faili kubwa ya sauti, ya kilobiti 320 kwa sekunde, sauti inakuwa bora?" (Kakamega)

Hapana. Chai ya kikombe haiongezeki kwa kumiminwa kwenye sufuria.

"Nina wimbo ambao hakuna mwingine mjini anao. Nikiwapa wenzangu hautakuwa adimu tena. Nifanyeje?" (Kitale)

Wape.

Swali lako limeniudhi kuliko la faili, kwa sababu yule wa Kondele amezembea tu, lakini wewe umekusudia. Sikiliza habari za ndugu watatu wa Detroit, David, Bobby na Dannis Hackney. Walikuwa vijana weusi, na bendi yao waliiita Death. Mwaka 1975 walirekodi nyimbo saba za roki ya kasi kabla watu hawajaizoea roki ya namna hiyo. Mkubwa mmoja wa kampuni ya muziki aliwataka wabadilishe jina. David akakataa, na mkataba ukaota mbawa. Mwaka uliofuata walijitolea wenyewe santuri ndogo, nakala 500, na mambo yakaishia hapo. David aliwaachia nduguze zile kanda akiwaambia siku moja dunia itazitafuta, akafa mwaka 2000 kwa saratani ya mapafu. Albamu ya nyimbo zile ilitoka 2009. Hata wanawe Bobby hawakujua kwamba baba yao aliwahi kupiga muziki ule, mpaka wakusanyaji walipoanza kupeana nyimbo za ile santuri ndogo.

Kama kila mwenye mojawapo ya zile 500 angefikiri kama wewe, kanda zingekuwa bado darini. Wimbo unaoukalia una mtu aliyeupiga. Huenda yuko hai, anauza mahindi mahali, na hajui kwamba kuna anayemkumbuka.

"Ni halali kutuma albamu nzima kwa kundi letu la watu 200?" (Busia)

Si halali. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inailinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa, na utunzi wenyewe kwa uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada yake. Wimbo kuwa adimu hakumwondolei mwenye wimbo haki yake.

Mkae pamoja, msikilize pamoja, mwambizane pa kununua. Bendi hai za hapa nyumbani, kama Crystal Axis wa Nairobi, ndizo mnazoziumiza zaidi, kwa sababu pesa zenu mkinunua zinazifikia kweli. Mtu ananunua bando la kutuma albamu nzima kwa watu 200, lakini kuilipia mara moja hataki. Hilo silikubali.

"Tutume nyimbo ngapi kwa siku?" (Bungoma)

Mmoja. Na aliyeutuma aeleze kwa sentensi mbili kwa nini anaupenda.

"Nimepata santuri sokoni Kibuye, ina vumbi na imepinda kidogo. Niisafishe kwa sabuni ya unga?" (Nyalenda, Kisumu)

Kabla hujagusa maji, chukua kalamu. Nakili kila kilichoandikwa kwenye karatasi ya katikati, kisha uielekeze santuri kwenye mwanga usome namba zilizochongwa kwenye sehemu nyororo kati ya mwisho wa mifereji na ile karatasi. Hizo ndizo kitambulisho chake. Karatasi ikilowa na wino ukachuruzika, umebaki na plastiki.

Sabuni ya unga hapana, inaacha masalio kwenye mifereji. Tumia maji safi yaliyotoneshwa, yale ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya petroli, lakini hakikisha hayana asidi. Kwa kitambaa laini, pangusa kwa kuzunguka ukifuata mifereji, usipanguse kwa kuikata. Kupinda kidogo si neno kama sindano hairuki. Kukizidi, ilaze kati ya vioo viwili vinene, weka uzito juu, uiache siku kadhaa kivulini. Baada ya hapo isimamishe wima, mbali na dirisha. Jua la Kisumu ndilo lililoipinda.

"Kijana wangu anasema Kothbiro ni wimbo wa Kanye West. Tafadhali mzee, mwambie." (Ahero)

Mama, mwite akae karibu umsomee.

Kothbiro ni "mvua inakuja" kwa Dholuo, wewe unajua. Wengi wanaufahamu kwa sauti na nyatiti (kinubi cha Waluo) ya Ayub Ogada, kwenye albamu yake ya 1993. Lakini kabla hajaitwa Ayub, akiwa bado Job Seda, alikuwa katika Black Savage, bendi ya roki ya Nairobi, na bendi hiyo iliurekodi mwaka 1976. Rekodi hiyo ya roki ndiyo Kanye West aliyoitumia katika wimbo wake "Yikes" mwaka 2018. Tazama orodha ya watunzi wa wimbo huo, utawakuta Ayub Ogada na James Mbarack Achieng. Majina yao yamefika kule kwa sababu hayakutenganishwa na wimbo.

Ogada alifariki Februari 2019 nyumbani kwake Nyahera, hapo nje kidogo ya mji wa Kisumu. Miaka aliyokaa pale, ni wangapi kati yetu tulipanda matatu kwenda kumuuliza habari za Black Savage? Mimi sikwenda, na hilo linaniuma hadi leo. Wapo wazee wengine Kisumu na Nakuru waliopiga magitaa ya umeme mahotelini enzi zile. Kijana wako ana simu ya kurekodi. Mtume Jumamosi kwa yeyote unayemjua, aulize nani alipiga besi, nani ngoma, mwaka gani, na ayaandike majina kabla hajaondoka pale.