Punda akianza kuchechemea, usikimbilie mnadani

Ndugu zangu mnaonunua punda wa mkokoteni kwa mara ya kwanza, mimi nina miaka 16 kwenye hii kazi hapa Magu, natoa maji ziwani napeleka saiti za ujenzi, na swali ninaloulizwa sana ni hili: punda wangu hakanyagi mguu mmoja, nimuue au?

Shika kwato kwanza. Pitisha mkono kwenye kwato zote nne, ile yenye joto ndo yenye shida. Masika tope linalainisha kwato, kijiwe au msumari unaingia, usaha unajaa ndani hauna pa kutokea, basi atasimama kwa miguu mitatu mpaka uape amevunjika. Bwana mifugo akitoboa usaha ukatoka, unamloweka kwenye maji vuguvugu ya chumvi, unafunga, siku chache mbele anakanyaga. Na achomwe sindano ya pepopunda, jina lenyewe si mnalisikia.

Mimi punda wangu wa kwanza nilimuuza. Nilimpeleka mnadani anachechemea, nikapokea hela nikajiambia amestaafu. Wiki tatu baadae nikamkuta njia ya Kisesa anavuta matofali, mguu ule ule, mgongo umechubuka mpaka nyama inaonekana. Mpaka leo naumia. Kumuuza mgonjwa siyo kumstaafisha, ni kumtafutia mtu wa kummalizia.

Kustaafu ni abaki kwako, asivute kitu, ale. Punda akitunzwa anafika miaka 25 na zaidi kwa hiyo piga hesabu kabla hujaahidi: mabua, majani makavu, kwato kukatwa kila baada ya miezi miwili hivi, na awe na mwenzake maana punda peke yake ananyong'onyea.

Sasa utajuaje kwamba kustaafu hakumsaidii? Punda anaficha maumivu, usisubiri alie. Angalia kama analala sana kuliko zamani, kama wenzake wakienda kunywa yeye anabaki, kama anahamisha uzito mguu huu mguu ule. Akiacha kula siku mbili hiyo ni hatari kubwa, mafuta ya mwilini yanamwagika kwenye damu na ini linashindwa. Ukishampa dawa za maumivu na mapumziko ya kutosha na bado siku mbaya ni nyingi kuliko nzuri, mwite daktari mmpumzishe, yaani achomwe sindano afe bila mateso.

Mfupa wa mguu ukivunjika vibaya usingoje hata kesho. Farasi naye ni hivyo hivyo, hawa wanyama lazima wasimame, na ule mguu mzima ukibeba uzito peke yake nao unaharibika kwato. Akichomwa sindano ya kumlaza, mfukie chini sana, mbali na kisima na ziwa, nyama ile ina sumu, mbwa au fisi akila anakufa.

Halafu hili wengi hawaambiwi: mwenzake mwache amuone. Nilipompumzisha punda wangu niliyemwita Mzee, yule jike aliyevuta naye miaka tisa nilimwacha karibu na mwili. Alimnusa, akamgusa na pua shingoni, akasimama pale tangu asubuhi mpaka saa tisa mchana, watu wananiharakisha nikakataa. Alivyoondoka mwenyewe kwenda kula ndo tukaanza kuchimba.