Ukipambana na Mazimwi

Kuna msemo wa mwanafalsafa wa Ujerumani, Friedrich Nietzsche, ambao watu wanapenda sana kuuweka kwenye status: anayepigana na mazimwi na ajichunge asije akawa zimwi naye, na ukilikodolea macho shimo refu kwa muda mrefu, shimo nalo litakukodolea wewe. Wengi wanauchukua kama onyo la kukaa mbali na maovu. Mimi siuoni hivyo, na kilichonifunza ni zamu za ulinzi wa usiku huku kwetu Kisauni, Mombasa.

Nietzsche aliutoa mwaka 1886. Katika kitabu chake, Beyond Good and Evil kwa Kiingereza, ni nambari 146, kwenye sehemu ya misemo mifupi mifupi, na hakuufafanua hata kidogo. Uliotangulia na unaoufuata inazungumzia wanawake na wanaume, mambo mengine kabisa. Kwa hiyo kila mtu anaufasiri apendavyo. Lakini usome tena polepole. Hakuna mahali anaposema usipigane. Anazungumza na mtu ambaye tayari yumo vitani, na huyo ndiye anayeambiwa ajichunge. Aliyejifungia ndani hana haja ya onyo hili.

Sisi tulikuwa vitani. Mkaazi wa Kisauni hahitaji kuelezwa habari za vijana wa mapanga. Watu wamekatwa wakirudi kazini, tena kwa sababu ya simu tu. Wazee wa mtaa walipoomba watu wa kulinda zamu nilijitolea, na mpaka leo naamini lilikuwa jambo la wajibu.

Usiku mmoja, isha imeshapita, kijana akashikwa na simu isiyokuwa yake. Hata ndevu hazijamwota. Kufumba na kufumbua, watu wamejaa. Jirani yangu, muuza mahamri, mtu ambaye sijapata kumsikia akipandisha sauti hata kwa mteja mkorofi, alikuwa ameshika kipande cha boriti. Nikammulika tochi usoni nimwambie angoje. Alikuwa anatabasamu.

Kabla sijasema neno, bibi mmoja akapenya katikati ya watu, akavua leso yake ya juu, akamfunika yule kijana mabegani. Hakuuliza kaiba nini. Aliuliza, "Mwana wa nani huyu?" Kimya. Halafu mtu mmoja nyuma akajibu, akamtaja babake, na karibu wote pale tulikuwa tunamjua. Mikono ikashuka. Kijana akaenda kituoni kwa miguu yake mwenyewe.

Kesho yake jirani akanifuata barazani. "Wallahi sheikh, hasira naijua," akaniambia. "Ile ya jana ilikuwa raha."

Sijasikia tafsiri ya msemo ule iliyo bora kuliko hiyo. Kukasirika ni haki ya kila aliyeibiwa au aliyeuguza mtu mwenye majeraha ya panga. Cha kuogopa ni utamu. Ukijikuta unaingoja zamu yako ili umpate mtu wa kumwadhibu, au unasikitika kidogo usiku ukipita salama, hapo jua zimwi limeshaingia nyumbani. Waislamu tunalo agizo hili wazi katika Surat Al-Maida, aya ya 8: kuwachukia watu kusitufanye tukaacha uadilifu. Aya haikutuambia tusichukie. Imeiwekea chuki mpaka.

Nusu ya pili ya msemo, ile ya shimo, naiona zaidi kwenye simu kuliko barabarani. Grupu yetu ya WhatsApp ya ulinzi ilianza kwa taarifa za maana: nani ameonekana wapi, taa gani haiwaki. Baadaye zikaingia picha. Mkono uliokatwa, damu kwenye tailisi, video kutoka miji ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuifika. Watu wakawa wanaziangalia usiku kucha, na asubuhi kila mtoto aliyevaa kofia anaonekana mwizi. Nilipendekeza picha za majeruhi zipigwe marufuku. Wengine walinung'unika kwamba tunaficha ukweli, lakini zamu hazikulegea kwa kukosa picha. Ushauri wangu kwa mwenye grupu kama hii ni huo huo: pokea taarifa inayokusaidia kufanya jambo usiku huu, nyingine futa.

Kuna wanaopenda kumtolea mfano Nietzsche mwenyewe, kwamba alilitazama shimo mpaka likammeza, kwa kuwa akili ilimtoka pale Turin, Italia, mwezi Januari 1889 na hakupona mpaka alipofariki mwaka 1900. Naona hilo ni kumwonea. Alikuwa mtu wa maradhi tangu zamani. Hata uprofesa wake katika chuo kikuu cha Basel, Uswisi, aliuacha mwaka 1879 kwa sababu ya afya. Ugonjwa wa mtu usigeuzwe hoja.

Kwa wanaopanga ulinzi mitaani sasa, iwe Kisauni, Likoni au Changamwe, nina machache. Msitoke watu wa hasira peke yao. Kila zamu iwe na mtu mzima anayezijua familia za mtaa, na akina mama wawe na namba zenu. Aliyewahi kukatwa au kuibiwa karibuni apumzike kwanza, hata akisisitiza. Mkimshika mtu, wa kwanza kumgusa awe ndiye wa kumfikisha kituoni, na jina lake na saa viandikwe daftarini. Asubuhi waende wawili kuuliza kesi imefikia wapi. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 49, inataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata ikiwa muda huo umeishia nje ya saa za korti, wikendi au sikukuu. Mkiulizia kila mara, maafisa wanajua kuna wanaofuatilia, na mtaa nao unaacha kusema kwamba kumpeleka mtu polisi ni kazi bure.