Ziwa liko pale chini, na watoto wamefungiwa sebuleni

SWALI: Shikamoo Shangazi. Naishi hapa Mwanga, Kigoma, nimeolewa na nina watoto watatu, mkubwa miaka 11 wa mwisho 4. Sisi ni Wasabato. Shida yangu ni Jumamosi mchana, tukitoka kanisani tukishakula mama mkwe anafunga mlango anasema watoto walale au wasome Biblia mpaka jua lizame, hakuna kutoka. Sasa wanapigana humo ndani, wa kati juzi kaniuliza mama Sabato inaisha saa ngapi, yaani anasubiri iishe kama mtu anayesubiri mvua ikatike. Nikamwambia baba watoto tuwapeleke ziwani, mama mkwe akasikia, akasema ziwani ni kwa watu wa bia na miziki, halafu Sabato kuna umbali wa kutembea, ukizidisha umeivunja. Mume wangu kimya tu, kwa kuwa ni mama yake. Nifanyeje? – Mama wa Watatu

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Huyo mtoto wa kati kasema ukweli wote wa nyumba yenu kwa sentensi moja. Isaya 58:13 inasema sabato iitwe siku ya furaha, sasa mtoto anayeangalia saa furaha kaipata wapi?

Ila usiende kumsomea mama mkwe aya mbele ya wajukuu, hata kama unazo, na kweli unazo. Matendo 16:13 pale Filipi, siku ya Sabato kina Paulo walitoka nje ya mji wakaenda kando ya mto, wakakaa wakaongea na wanawake waliokuwepo. Marko 2:23 Yesu na wanafunzi wake wanapita mashambani, Sabato hiyohiyo. Na ule umbali, kweli Matendo 1:12 inataja mwendo wa sabato, lakini hesabu yake ya dhiraa 2,000, kama kilomita moja hivi, waliiweka walimu wa Kiyahudi, kwenye amri yenyewe ya Kutoka 20 huioni. Halafu kwa kipimo hicho wengi wetu hapa Kigoma tungekuwa tumeshaivunja kabla ya kufika kanisani!

Aseme mume wako, sio wewe. Na asiseme "mama tunaenda", aseme "mama twende, nimekutafutia kiti". Bibi akikalishwa kivulini akaambiwa awasimulie wajukuu alivyokuwa anashika Sabato utotoni, hakumbuki tena kufunga mlango.

Na kwenye bia na miziki mpeni haki yake, hajakosea. Kuna fukwe hapa mjini Jumamosi spika zinalia mpaka hamsikilizani, msiende huko. Tafuteni upande wa Katonga au kilimani Bangwe penye utulivu, penye kiingilio lipeni Ijumaa kabisa kama wanakubali, msitoe hela siku ya Sabato, la sivyo kaeni pa bure.

Sasa mimi ninachokiogopa sio ziwa, ni wewe. Maana nimeona familia zinaenda kufurahia Sabato nje, baba kalala chini ya mti kavua viatu, watoto wanarusha mawe majini, mama anahangaika na masufuria kuliko hata Jumanne. Hiyo kwa mama imekuwa zamu tu. Kutoka 20:10 imehesabu mpaka mjakazi na mgeni aliye ndani ya malango yako, kwa hiyo hata dada wa kazi asibebeshwe hotpoti na mtoto wa miaka 4 mgongoni, akae na nyie ale na nyie, au akapumzike kwao.

Kazi yote iishe Ijumaa, ndio maana ikaitwa maandalio. Dagaa wakaangwe wawe wakavu, mihogo ichemshwe, chai kwenye chupa, wali kwenye hotpoti. Sombe (kisamvu) ya mawese iacheni nyumbani jamani, mawese yakipoa yanaganda, utakuta mnatafuta kuni za kupashia na mama mkwe kapata la kusema mpaka Krismasi. Vyombo mnarudi navyo vichafu hivyohivyo vinaoshwa usiku, na aoshe baba.

Kule msifanye mahubiri ya pili, watoto wameshakaa kanisani tangu asubuhi. Waonyeshe milima ya Kongo ng'ambo kama hakuna ukungu, waambie ziwa hili la Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, duniani linazidiwa na Baikal la Urusi tu, na wale samaki wadogo wa rangirangi kwenye mawe wengi wao hawapo ziwa lingine lolote. Huyo wa miaka 11 atauliza mwenyewe nani kawaweka. Kuogelea mwangalie, penye matete maji yametulia kuna kichocho, na mamba wapo, ulizeni wavuvi wa hapo kwanza.

Msikimbilie kurudi. Fungeni Sabato palepale kwa wimbo mmoja, kama hakuna mbalamwezi mtaona mitumbwi ya dagaa inatoka na taa zinawaka moja moja mpaka ziwa linakuwa kama mji.

SWALI: Shangazi, mwanangu kaniuliza kama Sabato ni siku ya saba mbona inaitwa Jumamosi? Nimekosa jibu. – Baba Neema, Ujiji

JIBU: Mwambie Kiswahili kinahesabu kuanzia Ijumaa ya Waislamu, siku inayofuata ndio mosi, halafu pili, tatu. Ni hesabu nyingine tu, siku ni ileile. Na umwonyeshe kitu: Mwanzo 1:5 siku inaanza na jioni ndipo asubuhi, na Waswahili wa zamani vilevile, usiku wa Ijumaa kwao ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Halafu wewe baba usifungue Sabato Ijumaa jioni kwa kusikiliza redio ya Dar, jua lao linazama kama dakika 40 kabla ya letu, Februari hapa saa moja jioni bado unaliona limekaa juu ya Kongo. Toka nje uangalie.